Papa, umati na maji: mambo ya kujua kabla hujampeleka mtoto kuogelea

Kila mwaka ikikaribia Desemba, na tena kuelekea Pasaka na Idi, swali moja hurudi kliniki yetu hapa Holili. Mama amekuja kupima uzito wa mtoto au kumchoma chanjo, na kabla hajafunga mbeleko ananiuliza: "Nesi, tunaenda Mombasa na watoto. Je, papa hawali watu kule?"

Ni swali la haki. Sisi wa huku mlimani tumemzoea papa akiwa mkavu, amekatwa vipande na kufunuliwa juu ya gunia sokoni. Aliye hai tunamwona kwenye filamu tu, na kwenye filamu kazi yake ni moja. Nitalijibu swali hilo kwanza, kisha nitakueleza yale ambayo mimi kama muuguzi ningependa uyaogope zaidi, maana mengi yake huwa hayaulizwi.

Je, papa ni hatari kwa mtoto wako?

Kwa kifupi, ni hatari ndogo sana. Chuo Kikuu cha Florida, Marekani, huweka kumbukumbu za watu walioumwa na papa duniani kote. Mwaka 2024 walihesabu watu 47 walioumwa bila wao kumchokoza papa, na wanne kati yao walifariki. Hiyo ni dunia nzima, kwa mwaka mzima. Upande wa pili, sisi binadamu huvua na kuua papa kwa makumi ya mamilioni kila mwaka. Ukipima kwa hesabu hiyo, mwenye sababu ya kuogopa ni papa.

Pwani yetu ina kinga nyingine ya asili. Sehemu kubwa ya ufukwe wa Kenya, Tanga na Zanzibar imezungukwa na mwamba wa matumbawe ulio mbali kidogo na nchi kavu. Ile mistari myeupe ya mawimbi unayoiona kule mbele ndiyo huo mwamba. Kati yake na mchanga maji huwa ya kina kifupi, na papa wakubwa hawana kawaida ya kuja kuzunguka humo. Yule mkubwa kuliko wote, papa potwe, ambaye watalii huenda Mafia kumtazama, hula vijidudu vidogo vya baharini na visamaki. Urefu wake unaweza kuzidi basi dogo, lakini mtu hamli.

Hata hivyo sitakudanganya kwamba Bahari ya Hindi haijawahi kuumiza watu kwa meno. Mwaka 2011 huko Shelisheli, kisiwani Praslin, waogeleaji wawili waliuawa na papa katika mwezi mmoja wa Agosti, ufukwe uleule. Na mfano ninaoupenda kuutaja, kwa sababu una somo la afya ndani yake, ni wa Mogadishu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na kuendelea miaka ya 1980, ufukwe wa Lido, ambao ulikuwa wa watu wote kama Coco Beach ilivyo Dar es Salaam, ulipata sifa mbaya ya watu kushambuliwa na papa wakiwa kwenye maji ya kiunoni. Watu wengi walielekeza kidole kwenye machinjio yaliyojengwa karibu na bahari, ambayo damu na mabaki yake yaliingia majini. Papa hunusa damu. Ukimwekea chakula mlangoni kila siku, atajifunza njia.

Kwa hiyo kanuni ya papa ni fupi. Usiogelee mahali wavuvi wanapopasulia samaki na kutupa matumbo, wala penye mdomo wa mto wenye maji ya tope, wala usiku. Ukizingatia hayo, mwondoe papa kichwani. Tuna mengine ya kuzungumza.

Kabla ya bahari, tazama maji ya jirani

Hushangaza kidogo kwamba mama anayeuliza habari za papa wa Mombasa, kilomita zisizofika 300 kutoka hapa, huwaacha vijana wake waende Ziwa Chala Jumapili mchana bila kuuliza kitu. Chala ni shimo la volkano. Kingo zake ni mwinuko mkali, na maji hayaanzi taratibu kama baharini. Hatua chache tu na mguu haugusi chini. Katikati kina chake kinazidi mita 90. Na mamba wamewahi kuua humo: mwaka 2002 msichana mmoja wa Kiingereza aliyekuwa akiogelea upande wa Kenya alichukuliwa na mamba akafa. Watu wakikuambia mamba walikwisha zamani, jibu lako liwe kwamba mwanao si wa kupimia kama ni kweli. Ziwa Jipe nalo lina mamba na viboko, na kiboko ni mnyama wa kuogopwa kuliko anavyoonekana akiwa amelala.

Chemka, kule karibu na Boma Ng'ombe, ni pazuri na maji yake ni maangavu hadi unaona mizizi chini. Uangavu huo ndio unaodanganya. Maji maangavu huonekana mafupi, na mtoto aliyeona kaka zake wakiruka na kamba atataka kuruka pia.

Mabwawa na mifereji ya maji yanayokwenda polepole ina jambo jingine: kichocho. Minyoo yake huishi ndani ya konokono wadogo wa maji baridi, kisha hutoka na kupenya kwenye ngozi ya mtu aliyesimama majini kwa dakika chache tu. Mashamba ya mpunga ya Moshi chini na bwawa la Nyumba ya Mungu yanajulikana kwa ugonjwa huu. Bahari haina kichocho, kwa sababu konokono hao hawaishi kwenye chumvi. Hapo bahari inatushinda kwa usalama.

Hatari kubwa ni kuzama

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani. Karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano, na bara letu la Afrika ndilo lenye kiwango kikubwa zaidi. Weka hesabu hiyo kando ya wale wanne wa papa.

Jambo ambalo akina mama wengi hawalijui ni kwamba mtoto anayezama hapigi kelele. Tumezoea kuona kwenye sinema mtu anapunga mikono na kuita "nisaidieni". Mtoto hawezi. Ili apige kelele anahitaji pumzi, na pumzi ndiyo hana. Mdomo unakuwa sawa na maji, kichwa kinaegemea nyuma, macho yanatazama bila kuona, mikono inasukuma chini kama anapanda ngazi. Halafu anapotea. Yote hayo huweza kuchukua chini ya dakika moja, na aliye karibu naye akadhani anacheza. Baada ya dakika nne au tano bila hewa, ubongo huanza kuharibika.

Sasa fikiria ufukwe wa Jomo Kenyatta pale Bamburi, ambao wenyeji huuita Pirates, siku ya mwaka mpya. Vichwa ni vingi kama maharage kwenye sufuria. Kuna muziki, kuna ngamia, kuna wauza aiskrimu, kuna maboya ya matairi yanakodishwa. Watu wazima sita mmekaa kwenye mkeka na kila mmoja anadhani mwenzake anamtazama Junia. Umati hukupa hisia kwamba kuna macho mengi, kumbe hakuna hata moja.

Dawa yake ni zamu. Mtu mzima mmoja, kwa jina, anapewa kazi ya kutazama watoto kwa dakika 15 au 20. Hashiki simu, hapigi picha, hanywi bia, hali mihogo. Zamu ikiisha anamwita anayefuata na kumwambia kwa mdomo, "Sasa ni wewe." Mtoto wa chini ya miaka mitano asiwe mbali kuliko urefu wa mkono wako, ukiunyoosha umguse. Na tafadhali usimpe kazi hii dada wa miaka tisa. Anaweza kubeba mtoto mgongoni nyumbani, lakini majini atazama naye.

Mvalishe rangi ya kuonekana: machungwa, njano, nyekundu kali. Bukta ya bluu au nyeupe ndani ya maji hupotea kabisa. Tairi la kukodi si kifaa cha uokoaji. Hupinduka, na upepo au mkondo ukilisukuma linaenda na mtoto wako juu yake.

Maji yanayoondoka na kurudi

Kuna kitu kimoja ambacho mtoto wa pwani anakijua tangu anatambaa na mtoto wa Rombo hana habari nacho. Bahari hujaa na kupwa, kwa kawaida mara mbili kwa siku. Takriban saa sita inajaa, saa sita inapwa, na kila siku muda husogea mbele karibu dakika 50. Wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa huko Zanzibar na Dar es Salaam inaweza kufika mita nne hivi. Hiyo ni kama nyumba ya kawaida hadi kwenye bati.

Ukifika maji yamekupwa utaona mchanga umetandazwa mbali, na watoto watataka kutembea hadi kwenye vile visiwa vya mchanga. Wanaenda kwa miguu mikavu. Maji yakianza kurudi hayaji kwa mstari mmoja kutoka mbele. Hujaza kwanza mabonde yaliyo nyuma yao. Wakigeuka, kati yao na nchi kavu kuna mto. Kwa hiyo kabla hamjavua viatu, muulize mvuvi au muuza madafu: "Maji yanajaa au yanakupwa? Yanageuka saa ngapi?" Watakujibu bila kutazama simu.

Pale mwamba unapoachana, maji yote yaliyoingia hutokea hapo kwa nguvu. Wenyeji wanapajua, waulize pia. Mtu akivutwa na mkondo asipambane kurudi moja kwa moja, kwa sababu atachoka kabla ya kufika. Alale chali aelee, apunge mkono, kama anajua kuogelea aende kwa upande, sambamba na ufukwe, hadi mvuto uishe.

Mtoto akizama, fanya hivi

Kama hujui kuogelea, usiingie. Najua nakuambia jambo gumu, lakini mara nyingi anayekufa ni mama au kaka aliyemfuata. Piga kelele, kisha rusha kitu kinachoelea: dumu tupu la lita 20 lililofungwa kifuniko linatosha kumbeba mtu mzima. Kanga mbili zilizofungwa pamoja ni kamba. Fimbo, tawi, tairi, chochote.

Akitolewa, mlaze chali mahali pagumu na tambarare. Usimning'inize kichwa chini, usimzungushe, usimkandamize tumbo ili "maji yatoke". Mambo hayo yanafanyika sana, na yanapoteza dakika ambazo hamna, tena yanaweza kupeleka matapishi kwenye mapafu. Anachokosa ni hewa. Mpe hewa.

Inua kidevu chake, kichwa kielekee nyuma kidogo. Tazama kifua: kinapanda? Kama hapumui, au anavuta pumzi moja moja kama samaki, ziba pua yake, funika mdomo wake kwa mdomo wako, pulizia mara tano, kila pumzi hadi uone kifua kinapanda. Kwa mtoto mchanga, mdomo wako ufunike mdomo na pua yake pamoja, na pumzi iwe ndogo, ya mashavuni tu. Kama bado hajaamka, kandamiza katikati ya kifua mara 30, haraka, karibu mara mbili kwa sekunde, kifua kishuke theluthi moja ya unene wake. Kwa mtoto tumia kiganja kimoja, kwa mchanga vidole viwili. Kisha pumzi mbili. Kisha 30 tena. Endelea hadi apumue au msaada ufike, wala usiache kwa sababu mtu mmoja amesema "ameshakwenda". Akitapika, mgeuze upande, safisha mdomo, mrudishe.

Mtu mwingine apige simu. Tanzania, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114, na 112 ni namba ya dharura ya jumla. Kenya piga 999 au 112.

Hata akiamka na kuomba soda, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Maji yaliyoingia kwenye mapafu yanaweza kumletea shida ya kupumua saa kadhaa baadaye. Akikohoa mfululizo, akipumua harakaharaka, akilegea au kusinzia isivyo kawaida, usingoje kuche.

Umati wenyewe

Sikukuu kwenye ufukwe wa umma watoto hupotea. Mwandikie namba yako ya simu kwa kalamu ya wino kwenye mkono, upande wa ndani, au kwenye kitambaa umkaze nacho. Jina lake usiandike panapoonekana, kwa sababu mtu mbaya akimwita kwa jina mtoto atamfuata. Mkifika tu, mwonyeshe kitu kikubwa kisichohama, mnara, mti au kibanda cha polisi, umwambie: "Ukiniona sipo, kaa hapa." Na mwambie akipotea amfuate mama mwenye watoto.

Kuna jambo ambalo watu hawalisemi, nami nitalisema. Ndani ya maji yenye msongamano, mikono haionekani. Wasichana wengi, na wavulana pia, hushikwashikwa humo na watu wanaojifanya wamesukumwa na wimbi au wanaowafundisha kuogelea. Mwanao atanyamaza kwa sababu anaona aibu au anadhani ni ajali. Mwambie mapema, kwa lugha ya nyumbani kwenu, kwamba sehemu zinazofunikwa na nguo ya ndani haziguswi na mtu, hata majini, hata na mtu mnayemfahamu. Ikitokea atoke na akuambie, na wewe hutamchapa. Akikuambia, mwamini. Simu ya bure kwa masuala ya watoto ni 116, Tanzania na Kenya.

Maji na mchanga mchafu

Maelfu ya watu kwenye ufukwe wenye vyoo vitatu, unadhani wanajisaidia wapi? Juu ya hapo, mvua kubwa husomba uchafu wa mji mzima. Dar es Salaam, Mto Msimbazi unapita katikati ya makazi na kumwaga baharini pale Daraja la Salander, si mbali na Coco Beach. Baada ya mvua kubwa, ahirisha kuogelea kwa siku mbili tatu. Maji yakinuka au yakiwa na povu la kahawia, msiingie hata kama wengine wamo.

Mtoto anayemeza maji hayo hupata kuhara. Beba pakiti za ORS kutoka nyumbani. Mpe kidogokidogo kila akiharisha, pamoja na zinki kama utakavyoelekezwa, na anayenyonya aendelee kunyonya. Mihogo ya Coco Beach ni mitamu, sikatai. Ila mtoto mdogo ale iliyotoka kwenye mafuta sasa hivi, na kachumbari muachie baba.

Mchanga mkavu wa juu, ambako mbwa na paka hujisaidia, una minyoo inayopenya kwenye ngozi ya binadamu. Wiki moja au mbili baadaye unaona mstari mwekundu unaojipinda kwenye mguu au matako ya mtoto, unasogea kidogo kila siku na unawasha hadi halali. Watu hudhani ni uchawi au fangasi. Ni lava wa minyoo ya mbwa, na dawa yake ipo kituo cha afya. Kaa juu ya mkeka, mvalishe mtoto chupi, na achezee mchanga ulioloa unaosafishwa na mawimbi. Vipande vya chupa ni vingi, kwa hiyo viatu vya plastiki visivuliwe hata majini. Akijikata, osha kwa maji safi na sabuni, na hakikisha chanjo zake za pepopunda zimekamilika. Kadi yake ya kliniki iwe kwenye begi.

Wanaochoma na kuuma kwa kweli

Hawa hawajatengenezewa filamu. Konyeza, ambaye wengine humwita yavuyavu, ni kama jeli inayoelea yenye nyuzi zinazounguza. Akimgusa mtoto, toka majini, osha kwa maji ya bahari yaleyale, ondoa nyuzi kwa kijiti, usisugue kwa mchanga na usimkojolee. Kisha eneo hilo likae kwenye maji ya moto yanayovumilika kwa dakika 20 au zaidi. Jaribu kwanza kwa kiwiko chako, kwa sababu mwenye maumivu hatambui anapoungua.

Maji ya moto ndiyo dawa ya kwanza pia kwa mwiba wa taa, samaki bapa anayejificha chini ya mchanga. Mfundishe mtoto kuburuza miguu badala ya kukanyaga, naye taa atakimbia. Wale wadudu weusi wenye miiba mirefu kama nungunungu hukaa kwenye mawe. Toa miiba inayoonekana, usichimbe na sindano. Wenyeji watakupakia utomvu wa papai, nao sigombani nao, ila mafuta ya taa kwenye kidonda, hapana. Akivimba uso, akipumua kwa shida, au mwiba ukiwa umeingia kwenye kiungo, kifua au tumbo, nenda hospitali moja kwa moja bila kuuvuta.

Jua. Kuanzia saa nne hadi saa kumi ni kali na mchanga hulirudisha juu. Mtoto mchanga akae kivulini, anyonye mara nyingi. Kama mwanao ana ualbino, avae mikono mirefu na kofia pana hata majini, na umpake losheni ya kukinga jua. Hospitali ya KCMC Moshi hutengeneza ya kwao iitwayo Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino. Ulizia kliniki ya ngozi.

Mkirudi Holili

Pwani kuna mbu wa malaria kuliko huku kwetu, kwa hiyo chandarua kisafiri nanyi. Homa ikimpata mtoto ndani ya wiki nne baada ya kurudi, mpeleke apimwe siku hiyo na umtajie mhudumu kwamba mlikuwa pwani, hata asipouliza. Mkojo au choo chenye damu, hasa kwa anayependa mabwawa na mifereji, apimwe kichocho. Hutibiwa kwa vidonge vya prazikwanteli vinavyopimwa kwa uzito au urefu wake, vilevile wanavyopewa shuleni. Sikio likiuma ukilivuta, usitie mafuta wala maziwa. Uje nalo.

Na nyumbani, mwaga maji ya ndoo na beseni ukishafua, maana mtoto wa mwaka mmoja huzama kwenye maji ya kina cha kiganja. Funika pipa na kisima. Mfongo unaopita nyuma ya migomba uwekee uzio wa fito pale karibu na mlango. Yale mashimo ya pozolana yakijaa maji msimu wa mvua, zungumzeni na mwenyekiti wa kitongoji yazungushiwe miba kabla shule hazijafungwa.